Yoga kwa Mwenye Wasiwasi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutandika Mkeka

Katika kliniki ya afya ya akili swali moja limekuwa likijirudia miaka ya hivi karibuni, hasa kutoka kwa wagonjwa wanaoishi Mbweni, Ununio, Boko, Bunju na maeneo mengine ya kaskazini mwa Kinondoni: je, yoga inaweza kuniondolea wasiwasi? Anayeuliza kwa kawaida si mtu wa mazoezi. Ni mfanyakazi anayeamka saa 10 alfajiri ili aiwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo, ni mjane anayesomesha watoto watatu, ni kijana aliyehitimu chuo na bado anazunguka na bahasha ya vyeti. Ameona video kwenye simu, au shangazi yake aliyeko ughaibuni amemweleza kuwa yeye alipona kwa njia hiyo bila kumeza kidonge hata kimoja.

Jibu langu huwa fupi: inaweza kukusaidia, lakini si kwa namna unavyoiona kwenye video, na si badala ya matibabu. Maelezo ya jibu hilo ni marefu kuliko muda wa kliniki unavyoruhusu, na ndiyo sababu ya makala haya.

Wasiwasi unapogeuka kuwa ugonjwa

Wasiwasi wenyewe ni sehemu ya uumbaji wetu. Mzazi ambaye mtoto wake hajarudi kutoka shule hadi saa 1 usiku lazima awe na wasiwasi; asipokuwa nao ndipo tutakapomshangaa. Huwa ugonjwa pale unapodumu kwa miezi, unapokuja bila sababu inayolingana na ukubwa wake, na unapomzuia mtu kulala, kufanya kazi au kukaa na wenzake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya kundi hili.

Hapa kwetu ni nadra mgonjwa kuingia mlangoni akisema, “Nina wasiwasi.” Atasema kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, presha inapanda na kushuka, tumbo lina gesi, mwili unachomachoma, au kwamba ana “mawazo” tu. Wapo waliokwisha kuambiwa kuwa ni jini. Wengi wamezunguka vituo vitatu au vinne na wamepimwa kila kinachopimika, kabla ya mtu yeyote kuwauliza wanalalaje usiku. Nalieleza hili kwa sababu mtu ambaye ugonjwa wake unasemea kupitia mwili ndiye anayevutiwa zaidi na tiba inayopitia mwilini, na huyo huyo ndiye anayeweza kuogopeshwa zaidi na mabadiliko ya mwili wakati wa mazoezi.

Siri iko kwenye pumzi, na hatari pia

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Hofu inapomshika, mwili humwaga adrenalini, moyo huongeza kasi, misuli hukaza na pumzi hupanda juu ya kifua, ikawa fupi na ya haraka. Hayo yangemfaa sana mtu anayemkimbia nyati. Tatizo ni kwamba mgonjwa wetu ameketi ndani ya daladala pale Tegeta, wala hakuna nyati.

Pumzi inapokwenda kasi kuliko mahitaji ya mwili, hewa ya kaboni dioksaidi hutolewa kwa wingi mno na kiwango chake katika damu hushuka. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo, na kichwa huwa chepesi. Kemia ya damu hubadilika, sehemu ya kalsiamu iliyo huru hupungua, na hapo vidole na midomo huanza kufa ganzi. Hali ikiendelea, viganja hukakamaa. Mgonjwa anayeona mkono wake ukijikunja bila amri yake huamini kuwa anapata kiharusi, au kwamba kuna mtu amemfanyia jambo. Hofu huzidi, pumzi huongeza kasi, na mzunguko hukamilika. Hili ndilo shambulio la hofu. Kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 au pungufu, kisha hupungua lenyewe, ingawa kwa aliye ndani yake dakika hizo ni kama mchana kutwa.

Sasa tazama upande wa pili. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, usikilize mapigo yako huku ukipumua polepole. Watu wengi, hasa vijana, watagundua kuwa mapigo huongeza kasi kidogo wanapovuta pumzi na hupungua wanapoitoa. Mabadiliko hayo yanapitia neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni, nayo ndiyo breki kubwa ya mwili. Mtu anapopumua taratibu, kama mara sita kwa dakika, huku kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, breki hiyo hufanya kazi zaidi. Sehemu kubwa ya utulivu ambao watu huupata katika yoga inaweza kuelezwa kwa njia hii isiyo na muujiza wowote.

Msomaji makini ameshaona tatizo. Yoga ina namna nyingi za kupumua, na baadhi yake ni za kasi: kupiga pumzi kwa nguvu kupitia puani mfululizo, tumbo likiingia na kutoka kama mvukuto wa mhunzi. Kwa mtu aliyezoea kupata mashambulio ya hofu, zoezi hilo ni sawa na kujitengenezea shambulio kwa mikono yake mwenyewe. Nyingine humtaka mtu abane pumzi kwa muda mrefu, jambo ambalo huamsha hisia ya kukosa hewa, na hisia hiyo kwa wagonjwa wa hofu ina makali kuliko kwa watu wengine. Kwa anayeanza akiwa na ugonjwa wa wasiwasi, yote mawili yaachwe. Sisemi yaahirishwe hadi wiki ya pili. Yaachwe, mpaka awe ametulia kwa miezi na ana mwalimu anayemjua.

Utafiti unasema nini

Yoga ni mapokeo ya kale ya Bara Hindi. Mikao mingi inayofundishwa leo, hata hivyo, ilipata sura yake ya sasa katika karne ya 20 kupitia walimu kama Tirumalai Krishnamacharya na wanafunzi wake. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na jijini Dar es Salaam Ubalozi wa India umekuwa ukiiadhimisha kwa mazoezi ya wazi. Nairobi nako, tangu mwaka 2007, taasisi ya Africa Yoga Project imefundisha vijana, wengi wao wa mitaa ya kipato cha chini, kuwa walimu. Kwa hiyo jambo hili si geni tena Afrika Mashariki, ingawa kwa Dar es Salaam madarasa mengi bado yako Masaki na Oysterbay, mbali na mkazi wa Mbweni, na mbali zaidi na wa Mbagala.

Kuhusu wasiwasi, utafiti ninaourejea zaidi ulichapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry. Watafiti wa Marekani waliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima 226 wenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla katika makundi matatu: la yoga, la tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo, na la elimu ya kawaida kuhusu msongo. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu ya maana walikuwa takriban 54 katika kila 100 kwenye yoga, 33 kwenye elimu, na 71 kwenye tiba ya mazungumzo. Miezi sita baada ya hapo, tiba ya mazungumzo ilikuwa bado inalishinda kundi la elimu, ilhali yoga haikuonesha tena tofauti ya uhakika.

Nazisoma takwimu hizo hivi. Yoga si porojo. Ilifanya kazi kuliko elimu tupu. Lakini haikufikia tiba iliyokwisha kuthibitishwa, na manufaa yake hayakudumu vizuri, pengine kwa sababu wengi huacha mazoezi darasa linapokwisha. Wapo watakaosema kuwa wataalamu wa tiba ya mazungumzo nchini mwetu ni wachache na foleni zao ni ndefu, hivyo mtu afanye kilichopo. Nakubaliana nao nusu. Afanye kilichopo akiwa kwenye foleni, asiondoke kwenye foleni.

Kabla ya siku ya kwanza

Kuna maradhi ya mwili yanayovaa nguo za wasiwasi. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, kutetemeka, jasho na kukonda. Upungufu wa damu, ambao kwa wanawake wa umri wa kuzaa ni wa kawaida sana, huleta mapigo ya kasi na kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Sukari kushuka kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa hufanana na shambulio la hofu kiasi kwamba hata muuguzi mzoefu hupima kwanza ndipo aseme. Hitilafu za mdundo wa moyo nazo zipo. Baadhi ya dawa za pumu hutetemesha mikono, na mirungi, kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu hufanya hivyo hivyo. Mtu ambaye hajawahi kupimwa aanze na zahanati au kituo cha afya cha jirani: shinikizo la damu, wingi wa damu, sukari, mapigo ya moyo, na vipimo vingine daktari atakavyoona. Akihitaji zaidi atapewa rufaa. Kwa Kinondoni ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, kwa Temeke ni ile ya Temeke.

Macho yanasahauliwa mno. Presha ya macho, yaani glakoma, huiba uoni kimyakimya, na sisi Waafrika tunapata zaidi aina hiyo isiyouma. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, ulionesha kuwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa nayo. Mkao wa kusimama kwa kichwa huongeza shinikizo ndani ya jicho hadi karibu mara mbili. Aliyevuka miaka 40, au mwenye mzazi aliyepofuka bila sababu kueleweka, apime macho kabla ya kuinamisha kichwa chini ya usawa wa moyo. Vivyo hivyo kwa mwenye shinikizo la juu la damu ambalo halijadhibitiwa, na kumbuka kuwa wengi walio nalo nchini hawajui kama wanalo.

Mapitio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikusanya taarifa za watu 76 walioumia kutokana na yoga. Mambo yaliyotajwa mara nyingi yalikuwa kusimama kwa kichwa, kusimama kwa mabega, kukunja miguu kwa mtindo wa yungiyungi, na kupumua kwa nguvu. Watu 76 katika taarifa za miaka mingi si wengi; mpira wa miguu wa Jumapili huvunja zaidi. Ila orodha yenyewe inafaa kukaririwa, kwa kuwa ndiyo mikao ambayo video hupenda kuionesha.

Wiki za mwanzo

Huhitaji vifaa vya gharama. Unahitaji mkeka usioteleza, ukuta, mto wa kulalia na kiti imara. Mkeka wa ukili huteleza juu ya vigae. Tandika blanketi zito chini yake au fanyia kwenye zulia. Kiti cha plastiki kinachopinda miguu kisitumike. Kwa mavazi, suruali pana ndani ya dera au gauni inatosha kabisa, na kanga iliyokunjwa ni mshipi mzuri wa kuvutia mguu kuliko ile inayouzwa dukani. Ufukwe wa Mbweni unapendeza, lakini mchanga laini huyumbisha vifundo vya miguu na kukunja vifundo vya mikono, na macho ya wapita njia humwongezea wasiwasi mtu ambaye tayari anahisi anatazamwa. Anza chumbani.

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa 1, au jioni baada ya saa 11. Kati ya Desemba na Machi joto na unyevu wa pwani yetu hufanya moyo uende kasi hata kwa kazi ndogo, na mgonjwa huweza kuutafsiri mwendo huo kama shambulio linalokuja. Subiri saa mbili au tatu baada ya mlo mzito. Aliyefunga afanye mazoezi mepesi karibu na futari, asifanye mchana.

Kwa wiki mbili za kwanza dakika 10 zinatosha, siku tano kwa wiki. Keti kwenye kiti, nyayo zote zikigusa sakafu, mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa. Weka kiganja kimoja juu ya tumbo, kati ya kitovu na kifua. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kiganja kikisukumwa nje. Toa ukihesabu hadi sita. Usijaze mapafu hadi juu. Pumzi iwe ndogo na laini, kama ya mtu anayekaribia kusinzia. Kosa la kawaida la waanzaji ni kuvuta pumzi kubwa kwa sababu wameambiwa “vuta pumzi”, kisha wanapata kizunguzungu na kudai kuwa zoezi haliwafai. Ukihisi kichwa chepesi, acha kuhesabu, pumua unavyopumua siku zote, tazama vitu vilivyomo chumbani na uvitaje kimoja kimoja: feni, pazia, kalenda, ndoo. Jambo hilo linaonekana la kitoto, lakini huirudisha akili mahali ilipo.

Kisha simama wima, miguu ikiwa na nafasi ya nyonga, uhisi uzito wako ukishuka kwenye visigino. Baadaye piga magoti na kuweka viganja chini, kama mtu anayefuta sakafu, uinue mgongo unapotoa pumzi na kuushusha taratibu unapovuta. Mara sita au nane. Mwenye magoti mabovu afanye vilevile akiwa ameketi. Katika wiki ya tatu unaweza kuongeza kukaa juu ya visigino na kuinama mbele hadi paji la uso liguse mto, na kulala chali huku miguu ikiwa imeegemezwa ukutani, isipokuwa kwa wenye glakoma, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na wajawazito walio katika miezi ya mwisho. Inuka kwa hatua: kwanza kaa, hesabu hadi ishirini, ndipo usimame.

Nakaa kidogo kwenye mkao wa mwisho, kwa sababu ndipo wagonjwa wangu wanapokwama. Karibu kila darasa humalizikia kwa kulala chali kimya, macho yamefumbwa, na jina la mkao huo kwa Kisanskriti maana yake ni mkao wa maiti. Mwalimu huutaja kwa furaha kuwa ndio mtamu kuliko yote. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni hofu ya kufa ghafla, kuambiwa ajilaze kama maiti gizani ni adhabu. Tena kuna watu ambao kutulia kwenyewe ndiko kunakowaletea hofu: wanaposhughulika wako salama, wanaponyamaza mawazo yote hurudi kwa pamoja. Hali hiyo inajulikana kitabibu, wala si dalili ya udhaifu wa imani au ya kurukwa na akili. Jilaze kwa ubavu, goti moja juu ya mto, macho wazi yakitazama dirishani, kwa dakika moja tu. Wiki ijayo ziwe mbili. Walionusurika ukatili, ajali mbaya au ubakaji wasifumbe macho kama hawataki, na walale mahali wanapouona mlango.

Moyo utaongeza kasi unapofanya mazoezi, na huo si ubaya. Mgonjwa wa hofu amejifunza kuyakimbia mapigo ya moyo wake mwenyewe: hapandi ngazi, hatembei haraka, hachezi ngoma harusini. Zoezi jepesi humpa nafasi ya kukutana na moyo unaodunda katika mazingira salama na kuona ukitulia wenyewe baada ya dakika chache. Kwa maoni yangu faida hii ni kubwa kuliko ya kunyoosha viungo. Lakini maumivu ya kifua yanayokuja na juhudi na kusambaa kwenye mkono au taya, kuzirai, kukosa pumzi kusikotulia kwa mapumziko, au upande mmoja wa mwili kulegea, hayo hayajadiliwi na mkeka. Ni ya hospitali, saa hiyo hiyo. Shambulio la kwanza la hofu nalo lichunguzwe na daktari, hata kama limepita.

Kuhusu dawa

Nichukue mfano niliouunganisha kutoka kwa wagonjwa kadhaa, ili asitambulike hata mmoja. Mwanamke wa miaka 34, mhasibu, amekuwa akinunua diazepam kwenye duka la dawa na kuimeza kila usiku kwa karibu mwaka mzima. Anaanza yoga kwa kufuata video. Baada ya wiki moja anajisikia vizuri, anatupa vidonge. Siku ya tatu halali, anatetemeka, moyo unamwenda mbio. Anaamini ni ule wasiwasi wake umerudi, anaamua kuupiga kwa pumzi za kasi alizojifunza, viganja vinakakamaa, na majirani wanamkimbiza hospitali kwa bajaji wakiamini amepata kiharusi.

Mambo mawili yamekutana hapo. Diazepam ikitumika muda mrefu mwili huizoea, na kuikata ghafla huleta dalili za kuikosa, zikiwemo degedege kwa baadhi ya watu. Hizo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, chini ya usimamizi. Dawa kama fluoxetine nazo haziachwi siku moja, na huchukua wiki nne hadi sita kuonesha nguvu yake. Anayezianza pamoja na yoga asiharakishe kusema ni kipi kimemsaidia. Amitriptyline, inayotumika sana katika vituo vyetu, hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka, kwa hiyo mikao ya kuinama na kuinuka ghafla humwangusha. Anayetumia propranolol mapigo yake hayataongezeka kama ya wengine, asijipime kwa kasi ya moyo. Mweleze aliyekuandikia dawa kuwa umeanza mazoezi. Na mtu mwenye mawazo ya kutaka kufa asipewe ushauri wa mazoezi na yeyote. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na ndugu.

Swali la dini

Wagonjwa Waislamu na Wakristo huniuliza, wakati mwingine kwa kunong'ona, kama yoga ni ibada ya miungu mingine. Si kazi ya daktari kutoa fatwa wala tamko la kanisa. Naweza kusema kwamba hata mamlaka za dini hazijakubaliana. Baraza la taifa la fatwa nchini Malaysia liliikataza kwa Waislamu mwaka 2008. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza ile yenye nyimbo na taratibu za ibada, likaruhusu ile ya mazoezi matupu. Na Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua kuwa miongoni mwa michezo. Mwulize sheikh au mchungaji unayemwamini. Kitabibu, mtu anayefanya jambo huku dhamiri ikimsuta hatapata utulivu kutoka kwalo. Asiyeridhika hana alichokosa: kupumua taratibu si mali ya mapokeo yoyote, na kutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa siku nyingi za wiki, iwe ufukweni au kando ya barabara ya mtaa, nako hupunguza wasiwasi.

Mwalimu na daftari

Ukipata darasa, zungumza na mwalimu kabla, faraghani. Huna haja ya kumsimulia maisha yako. Sema tu kuwa una tatizo la wasiwasi, kuwa hutafanya pumzi za kasi wala kubana pumzi, na kuwa huenda ukatoka nje katikati. Walimu wengi huwashika wanafunzi ili kurekebisha mikao. Una haki ya kusema, “Naomba usinishike,” na mwalimu mwema hataudhika. Cheti cha saa 200 kinachotajwa katika matangazo ni mafunzo ya kufundisha yoga, hakimpi mtu ujuzi wa kutibu. Anayekuahidi uponyaji, anayekushauri uache dawa, au anayekucheka ukishindwa, mwache yeye na mkeka wake. Chagua nafasi karibu na mlango kwa siku za mwanzo, na asiwepo wa kukuuliza kwa nini.

Nunua daftari dogo. Kila siku ya mazoezi andika mambo manne: saa, ulichofanya, wasiwasi ulikuwa kiasi gani kati ya sifuri na kumi kabla ya kuanza, na kiasi gani baada ya kumaliza. Andika pia ulilala saa ngapi usiku uliotangulia. Namba za siku mojamoja zitapanda na kushuka, usizijali. Baada ya wiki nne zitazame kwa pamoja: kama wasiwasi unazidi, au mashambulio yameongezeka, simamisha mazoezi na uje kliniki mapema. Kama hakuna mabadiliko, endelea hadi wiki ya 12, ambayo ndiyo muda uliotumika katika utafiti nilioutaja, na wakati huo huo uliza kuhusu tiba ya mazungumzo. Njoo na daftari hilo siku ya miadi, pamoja na maganda ya dawa zote unazotumia, zikiwemo zile ulizonunua mwenyewe bila kuandikiwa.